Chombo Ndicho Kitengenezwe, Si Wimbo

Pana hukumu mbili ambazo hutolewa kwa wepesi mno palipo na gitaa, na zote mbili ni za dhuluma. Ya kwanza hupewa mwanafunzi: "Wewe huna sikio." Ya pili hupewa wimbo: "Huu umepotoka, sharti unyooshwe." Mwanafunzi akishaambiwa hana sikio hukitua chombo, na aghalabu hakishiki tena. Wimbo ukishanyooshwa hufa kimya kimya, kwani nyimbo hazikaliwi matanga. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika hukumu zote mbili mshtakiwa siye mkosaji. Mkosaji ni chombo. Na nyuma ya chombo umo uvivu wetu wa kukichunguza. Na nyuma ya uvivu imo kasumba ituambiayo kwamba kitu kilichotoka kiwandani ng'ambo hakikosei, bali hukosea mtu mweusi anayekishika.

Tuanze na chombo chenyewe. Vyombo vya nyuzi tunavyovijua katika mwambao wetu ni vya namna mbili. Kwanza viko vyenye shingo tupu, kama vile udi, fidla na gambusi la kale, ambavyo kidole hutua popote kitakapo. Pili viko ambavyo shingo yake imekatwa mapande kwa vijiti vya chuma vilivyopigiliwa, ambavyo wapigaji huviita freti. Hivyo ni gitaa, mandolini, na ile tashkota iliyobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ambayo ndugu zetu wa Mombasa wameifanya yao katika taarabu. Katika udi mpigaji ndiye mwamuzi wa sauti. Katika gitaa uamuzi ulikwisha kutolewa na mtu aliyezipigilia freti, naye huyo hakupata hata siku moja kumsikia mwimbaji wa Unguja.

Freti hupigiliwa kwa hesabu. Ukiukata uzi nusu kamili, sauti yake hupanda ikawa ile ile lakini ya juu. Masafa baina ya sauti hizo mbili wataalamu wameyagawa sehemu 1200 ziitwazo senti. Gitaa huyakata masafa hayo mafungu 12 yaliyo sawa, kila fungu senti 100, nalo hapa tutaliita nusu-sauti. Mwaka 1581 Vincenzo Galilei wa Italia, baba yake Galileo mnajimu, alipendekeza kwamba kila freti ichukue sehemu moja ya 18 ya uzi uliobaki. Mafundi wa leo hutumia 17.817, kwani kile kipimo cha 18 hukifikisha kidole pungufu kidogo mwisho wa safari. Kwa hesabu hiyo, gitaa lenye uzi wa milimita 650 huwa na freti ya kwanza kwenye milimita 36.5 toka ule mfupa mdogo wa juu unaozipitisha nyuzi, na freti ya 12 kwenye milimita 325, yaani katikati kabisa.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini ina udhaifu wa hesabu zote: hudhani kwamba dunia imetulia. Hudhani kwamba uzi hauna unene, kwamba kidole kinapoubonyeza hakiuvuti, na kwamba mti hauvimbi wala haupindi. Katika kisiwa chetu hakuna hata moja katika hayo lililo kweli. Kidole kinapoukandamiza uzi hadi kwenye freti huuvuta, na uzi uliovutwa hupanda sauti. Uzi mnene hupanda kuliko mwembamba, na ulioinuka mbali na shingo hupanda kuliko ulio karibu. Masika yakiingia mti hunywa unyevu ukavimba. Kaskazi ikikaza ukakauka tena. Upepo wa bahari huleta chumvi, na uzi wa chuma uliokwisha kula kutu si uzi mmoja tena: hapa mzito, pale mwepesi, nao hautasema kweli hata ukazwe na malaika.

Kwa sababu ya mvuto huo wa kidole, fundi mwenye akili hakiweki kile kipande cha tumboni kinachozibeba nyuzi, ambacho tutakiita daraja, mahali hasa ambapo hesabu tupu yasema. Hukisogeza nyuma kidogo, na kwa nyuzi nene hukisogeza zaidi. Daraja likihama mahali pake, chombo kizima huanza kusema uwongo. Tazama hesabu yake. Mandolini yenye uzi wa milimita 350, ambayo daraja lake halikugundishwa bali hushikwa na nyuzi tu, ikigongwa na daraja likasogea milimita 3 kuelekea shingoni, basi sauti ya freti ya 12 hupanda senti 15 kupita inavyostahili. Hiyo ni karibu sehemu moja katika saba za nusu-sauti. Milimita 3 ni kama unene wa sarafu mbili. Jicho halizioni, lakini sikio huzisikia.

Njia ya kulijua kosa hilo ni nyepesi, na kila mwalimu aweza kuifuata bila ya kununua kitu. Gusa uzi kwa ncha ya kidole juu ya freti ya 12 bila ya kuubonyeza, uupige, kisha uinue kidole: utatoa mlio mwembamba kama wa filimbi. Halafu ubonyeze uzi huo huo kwenye freti hiyo hiyo, uupige tena. Milio hiyo miwili yapasa kuwa mmoja. Ule wa kubonyeza ukiwa juu, uzi ni mfupi mno, basi daraja lirudi nyuma. Ukiwa chini, uzi ni mrefu mno, basi daraja lisogee mbele. Nyuzi zilegezwe kidogo kwanza, zisitolewe zote. Lakini kabla ya kuligusa daraja, badilisha nyuzi zenye kutu, maana kupima kwa uzi mbovu ni kama kupima kitambaa kwa wari iliyovunjika.

Zikiwa ni freti za mwanzo tu ndizo zinazopanda, kosa liko kwenye mfupa wa juu: mifuo yake ni mifupi, nyuzi zimeinuka, nayo yatakiwa kuchimbwa kidogo kidogo kwa tupa nyembamba. Ikiwa ni freti moja peke yake inayokosea, basi hiyo imelika au imeng'oka. Yakiwa makosa yamezagaa shingo nzima na nyuzi ziko juu, shingo imepinda. Katika gitaa la bei rahisi daraja lenyewe limegundishwa, lakini ule ufito wa mfupa unaosimama juu yake waweza kutolewa, ukachongwa, au ukafanywa mwingine. Wala hatuna haja ya kuagiza mfupa huo kutoka mbali. Mpingo wetu wa kusini hupelekwa Ulaya kutengenezewa klarineti na zumari za okestra kubwa kubwa. Kipande chake cha urefu wa kidole kingelitosha kulitengeneza gitaa la skuli. Mji Mkongwe, ambao milango yake ya nakshi huja kupigwa picha na dunia nzima, hauwezi kusema umekosa mtu wa kushika tupa na patasi.

Sasa turudi kwa yule mwanafunzi. Amepewa gitaa ambalo daraja lake limehama na nyuzi zake zimekula kutu tangu masika ya mwaka juzi. Anabonyeza, anasikia kwamba sauti iliyotoka haikubaliani na iliyomo kichwani mwake, anakunja uso, anajaribu tena. Mwalimu anamwambia hana sikio. Ndugu msomaji, huyo ndiye mwenye sikio! Ameusikia uwongo akaukataa, ilhali aliyemhukumu ameusikia akauita kweli. Katika chumba hicho chenye gitaa, mwalimu na mtoto, sikio la mtoto ndilo kipimo pekee ambacho hakijaharibika, nalo ndilo tunaloliharibu kwa amri. Tukimlazimisha auzoee mlio mbovu kwa miaka miwili au mitatu, mwishowe atauzoea. Na hapo tutakuwa tumefaulu kumfanya kiziwi tuliyemsingizia.

Tuseme basi kwamba gitaa limetengenezwa, na kila freti yatoa senti zake 100 bila ya kuzidi wala kupungua. Je, kesi imekwisha? La. Hapo ndipo inapoanza ile ya pili, nayo ni nzito zaidi; kwani gitaa lililotengenezwa barabara husema kweli, lakini husema kweli yake tu.

Lahani zinazotumika katika taarabu ya Unguja si za namna moja. Hijazi, Nahawandi, Kurdi na Ajamu zaweza kupigwa katika freti 12 bila ya taabu kubwa. Lakini Rasti, Bayati na Sika zina sauti ambazo haziko kwenye freti yoyote. Chukua sauti ya tatu ya Rasti. Hukaa karibu na senti 350 toka sauti ya mwanzo, ikisogea kidogo huku au huko kwa desturi ya nchi na kwa mkono wa mpigaji. Gitaa lina freti ya senti 300 na freti ya senti 400. Baina yake kuna mti mtupu. Mpiga udi huteremsha kidole chake hapo bila ya kufikiri. Mpiga kanuni hunyanyua vishikizo vidogo vya chuma vilivyo kando ya nyuzi zake, ambavyo viliwekwa kwa kazi hiyo hasa. Mpiga gitaa hana pa kushika.

Hapo ndipo panapotolewa ile hukumu ya pili. Badala ya kusema "chombo hiki hakifiki," husemwa "wimbo huu umepotoka." Sauti ya tatu hupandishwa hadi 400 ama huteremshwa hadi 300, Rasti ikageuka Ajamu, Bayati ikageuka Kurdi, na mwimbaji huambiwa afuate gitaa. Tangu miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ilipoegemea kinanda cha umeme, jambo hilo limekuwa la kawaida kiasi cha kutosikika tena kuwa ni kosa. Na ajabu ni kwamba vipo vinanda vya umeme vyenye vitufe vya kuteremsha sauti moja moja kwa robo. Chombo chaweza, aliyekikalia hakuulizwa wala hakuuliza.

Najua hoja ya wapinzani, kwani nimeisikia mara nyingi. Husema: "Lahani hizo si zetu. Zililetwa na Sultani kutoka Misri. Kuziacha ni kujikomboa." Hoja hii ina sura ya uzalendo, basi yastahili kujibiwa kwa ukamilifu.

Ni kweli kwamba husimuliwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Ni kweli kwamba Nadi Ikhwan Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, ilianza kwa nyimbo za Kiarabu. Lakini muziki haukubakia barazani kwa wakubwa. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mwanamke aliyetoka shamba bila ya kisomo cha skuli, alivuka bahari na wenziwe hadi Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri, na aliimba kwa Kiswahili. Mtu akishaimba kwa lugha ya mama yake, mbele ya watu wake, juu ya dhiki zao, nao wakamwelewa na kulia naye, lahani hiyo imekwisha kuwa yao. Neno "kitabu" nalo lilitoka Uarabuni; nani leo atakayetuambia tuache kulisema ili tukombolewe?

Tena tumuulize mkombozi huyu: zile freti 12 alizozikimbilia zilitoka kijiji gani cha Unguja? Zilitoka Ulaya. Kuikataa robo ya sauti kwa kuwa ni ya Kiarabu, kisha kuikumbatia nusu-sauti ya Ulaya kana kwamba iliota hapa pamoja na mikarafuu, si kujikomboa. Ni kubadilisha bwana. Hata mikarafuu yenyewe ililetwa! Na Waarabu wenyewe waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo katika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, na jambo moja lililowagawa lilikuwa nafasi ya piano na vyombo vingine vya Ulaya katika muziki wao. Walibishana, hawakuafikiana, lakini walibishana. Sisi tunaukubali unyooshaji bila ya hata mabishano.

Wala jambo hili si la Unguja peke yake. Ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliyefariki mwaka 2003 aliitambulisha duniani, hupangwa kwa kufuata milio ya asili inayotoka ndani ya sauti moja nene, nayo hailingani na vitufe vya piano. Hapana aliyemleta Sultani Ugogoni. Tukikubali kwamba kila kisicholingana na freti kimepotoka, basi tutaanza na Rasti ya Unguja, tutaendelea na ilimba ya Dodoma, na tukimaliza hatutabakiwa na chochote cha kuita muziki wa taifa. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana kule Tanganyika, hakuiunda ili ipime ngoma zetu kwa rula ya wengine.

Wako pia wasemao kwamba sauti hizo ndogo ni ngumu, hazifundishiki. Waende wakasikilize kidumbaki harusini. Mpiga sanduku ana sanduku la mbao, fimbo na uzi mmoja. Hana freti wala alama yoyote. Huivuta fimbo uzi ukakaza, huilegeza uzi ukateremka, na katika kishindo cha watu wanaocheza hupata sauti yake kila anapoitaka. Wamsikilize msomaji wa Kurani, ambaye mara nyingi huanza kwa Bayati. Na wamsikilize mtoto wa chuoni anayemfuata, mwenye umri wa miaka saba, akiipata ile sauti ya pili ya Bayati sawasawa bila ya kujua jina lake. Sikio hilo mtoto huja nalo skuli. Skuli ndiyo inayomnyang'anya.

Sisi watunzi wa mashairi tuna neno "guni." Shairi likizidi au kupungua mizani huwa guni, nalo hukataliwa. Lakini mizani ya utenzi ni minane, na ya shairi ni kumi na sita. Angetokea mgeni mwenye kipimo cha kwao cha mizani kumi, akaukuta utenzi, akatamka kwamba ni guni kwa sababu umepungua mizani miwili, tungemcheka. Tungemwambia: "Bwana, kipimo chako ni chema kwa mashairi yenu." Mbona basi hatumwambii hivyo aletaye gitaa?

Simaanishi kwamba gitaa litupwe. Lililotengenezwa vizuri lina kazi nyingi, na katika Nahawandi au Hijazi laweza kupendeza sana. Nasema tu kwamba lisifanywe kadhi wa nyimbo zote. Tena, atakaye kulifikisha kwenye Rasti ana njia. Waturuki katika saz yao, na Waajemi katika tar yao, hawapigilii freti za chuma. Hufunga nyuzi kuizunguka shingo, nazo huweza kusogezwa, na huongeza freti mahali ambapo lahani zao huzihitaji. Mshipi wa kuvulia samaki, ambao kila mvuvi wa Mkokotoni anao, waweza kufanya kazi hiyo. Katika gitaa la milimita 650, freti ya tatu iko kwenye milimita 103 na ya nne kwenye 134. Funga mshipi mnene, uliolingana na freti kwa kimo, kwenye milimita 119, na utakuwa umepata senti 350.

Na asidhani mtu kwamba huo ni uzushi wa leo. Mwanazuoni al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika juu ya mahali pa vidole katika udi, na miongoni mwake alipataja pahali palipoitwa kwa jina la Zalzal, mpiga udi wa Baghdad aliyefariki mwaka 791. Pahali hapo hukata sehemu 5 kati ya 27 za uzi. Katika gitaa letu la milimita 650 hiyo ni milimita 120 na kidogo. Zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili imepita, na kidole cha Zalzal na mshipi wetu wa Mkokotoni vinakutana kwa tofauti ya milimita moja na ushei! Sauti yenye ukoo wa namna hiyo ndiyo inayoitwa kosa.

Basi nawataka walimu mambo matatu. Kwanza, asiambiwe mwanafunzi yeyote kwamba hana sikio kabla gitaa halijapimwa kwenye freti ya 12 kwa njia niliyoieleza. Kupima huko hakuchukui hata dakika tano. Pili, darasa la ufundi wa mbao na darasa la muziki yakutane, vijana wajifunze kuchonga mfupa, kusogeza daraja na kufunga freti. Hapo fizikia ya uzi, hesabu ya uwiano na utamaduni vitafundishwa mara moja. Tatu, wimbo wa zamani unapofundishwa, kwanza uimbwe kwa koo, ama upigwe kwa udi au fidla, mpaka sauti zake zikae masikioni. Ndipo gitaa liingie, na pale lisipofika linyamaze. Kunyamaza kwa chombo si aibu. Aibu ni kumnyamazisha mwimbaji kwa ajili yake.

Nanyi vijana, msikubali kuhukumiwa na kijiti cha chuma. Mkisikia kwamba sauti ya gitaa na sauti ya koo la bibi zenu hazikubaliani, msifanye haraka kumwona bibi ndiye mkosaji. Chukueni rula, chukueni tupa, chukueni mshipi, mkaulize chombo hicho mahali kinapokosea. Nacho kitajibu, kwani mti na chuma havina kiburi. Kiburi ni chetu sisi tuliokiogopa.